Asili ya "Malaika": Wimbo Mmoja, Watungaji Wengi

Wimbo wa mapenzi uitwao "Malaika" uliimbwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte katika santuri yao ya mwaka 1965, ukaimbwa na Boney M mwaka 1981, kisha na Angélique Kidjo mwaka 1991. Hakuna kati yao aliyelelewa katika Kiswahili. Nyumbani, hata hivyo, lililobishaniwa si nani aliyeuimba vizuri bali nani aliyeutunga, na ubishi huo una fedha ndani yake.

Santuri iliyoutangaza kwanza ni ya Fadhili William, Mtaita, aliyeurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha tena katika studio ya Equator ya Charles Worrod mjini Nairobi. Lakini Adam Salim alidai kuwa aliutunga mwaka 1945, kwa ajili ya msichana aliyenyimwa kumwoa. Wengine nao, miongoni mwao Lucas Tututu na Grant Charo, wametajwa kuwa wenyewe. Fadhili naye alikuwa na kisa chake cha mchumba aliyemkosa kwa sababu ya mahari.

Yafaa izingatiwe kwamba visa hivi vyafanana mno. Kijana apenda, wazee wadai mali, mali hana, msichana aolewa na mwingine. Kisa cha namna hiyo hakiwezi kumtambulisha mtunzi, kwa kuwa vijana wengi wa enzi ile waliofuata kazi za mshahara mijini wangeweza kukisimulia kuwa chao. Aliyetangulia kufika studio ndiye aliyeandikwa jina. Sheria ya hakimiliki iliyotungwa na Bunge la Kenya lenyewe haikupatikana hadi mwaka 1966, wakati wimbo ulikwisha vuka bahari.

Je, lugha yenyewe yaweza kusaidia? Kwa uchache tu. Maneno ya wimbo hayaelekei lahaja moja waziwazi. Ni Kiswahili ambacho Mtaita, Mgiriama au mkaazi wa Nairobi angeweza kukiimba bila taabu. Lipo, hata hivyo, neno moja linalostahili kutazamwa, nalo ni "hukuwaza", aambiwalo msichana anayeitwa kidege. Likichukuliwa kuwa na hu- ya mazoea, ku- ni kitendwa, na maana ni kwamba kijana humfikiria daima. Likichukuliwa kuwa kanusho la wakati uliopita, hu- ni ya nafsi ya pili, na kijana anamlaumu mpenzi wake kwamba hakufikiri. Kwa sarufi, yote mawili ni sahihi. Waimbaji wengine husema "nakuwaza", na kwa kufanya hivyo huondoa utata, pamoja na lawama.

Maana ya kwanza ndiyo inayokubaliwa na wengi, na muktadha waiunga mkono: adui wa kijana ni umaskini, si msichana. Lakini msikilizaji wa Kiswahili hawezi kuizuia ile ya pili isipite masikioni mwake. Fadhili alifariki mwaka 2001, na ubishi wa utunzi haukuzikwa pamoja naye.