Ngozi ya Kuazima: Tarehe ya Sitara ya Majeraha

Mkulima wa pamba wa Bariadi akichomwa na mwiba, na vijidudu viozeshavyo nyama vikapenya chini ya ngozi, tiba ya kwanza ni kisu cha tabibu, kwani dawa haifiki penye nyama iliyokwisha kufa. Na baada ya kuikata yote hubaki jeraha pana, lenye maumivu makali na lenye kuvuja maji ya mwili. Ngozi ya mgonjwa mwenyewe, itolewayo pajani, ndiyo ya kudumu, lakini haishiki mpaka jeraha litakate, na katika muhula huo ndipo sitara ya muda inapohitajika.

Mwaka 1869, mjini Paris, Jacques-Louis Reverdin alipandikiza vipande vidogo vya ngozi. Mwaka 1881 John Girdner wa New York akatumia ngozi ya maiti. Na mwaka 1910 John Staige Davis wa Baltimore akajaribu utando wa chupa ya uzazi. Kisha mwaka 1943 Thomas Gibson na Peter Medawar walibainisha, huko Glasgow, kwamba mwili huikataa ngozi ya mtu mwingine, na ikirudiwa huikataa upesi zaidi.

Tukizilinganisha sitara za muda, ngozi ya maiti hushika na kupata damu kwa majuma kadhaa, ila yataka hifadhi ya baridi na upimaji wa maradhi. Ya nguruwe hufunika bila kupata damu, na baadhi ya wagonjwa huikataa kwa ajili ya dini. Utando wa uzazi hupunguza maumivu, lakini ni mwembamba, nao huhitaji upimaji uo huo.

Katika muongo wa 2010, madaktari wa Fortaleza, Brazili, walianza kufunika majeraha ya moto kwa ngozi ya sato, iliyosafishwa kwa dawa hata isibaki na vijidudu. Sato huyo aliingizwa Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, na leo huvuliwa Busega, mkoani Simiyu. Hata hivyo, ngozi mbichi kutoka mwaloni ni hatari, wala hapana sitara ifaayo juu ya nyama inayooza.

Basi maarifa hayo yatufae kwa utaratibu wake: mgonjwa awahishwe hospitali, akatwe panapostahili, asitiriwe, ndipo apandikizwe ngozi yake, na vyuo vyetu vya tiba viichunguze kwa bidii mali hii ya ziwa letu.