Pombe ilikuwa kazi ya akina mama, hadi ikaanza kuleta pesa

Wasee, kuna video imezunguka sana. Eti yule mchawi wa katuni, mwenye kofia ya ncha, paka na ufagio, asili yake ni mwanamke mpika pombe wa Uingereza ya zamani. Wanaume walitaka biashara yake, wakamwita mchawi, wakamchoma. Hata mimi niliisambaza. Halafu nikasoma, na manze, ushahidi hakuna. Kofia hiyo ilianza kuchorwa wakati wanawake hao walishatoka sokoni kitambo. Kilichowatoa hakikuhitaji moto.

Aliyenifungua macho ni Judith Bennett, mwanahistoria aliyefundisha vyuo vikuu Marekani. Mwaka 1996 alitoa kitabu kuhusu wapika pombe wa Uingereza kati ya 1300 na 1600. Aliwapataje wanawake ambao hawakuacha hata barua? Kwa faini. Sheria ilisimamia bei na vipimo vya pombe, na mahakama za vijijini ziliwatoza wapikaji kidogo kidogo, karibu kama leseni. Karani aliandika jina na faini, basi. Kwingine aliandika jina la mume hata kama aliyepika ni mke.

Mwaka 1300 hivi, wapikaji wengi walikuwa wanawake. Kimea, maji, hamira na vyombo vya nyumbani. Pombe ile iliharibika baada ya siku chache, kwa hivyo leo anapika huyu, kesho jirani. Mke, mjane, asiyeolewa, kila mmoja alipata kitu kidogo.

Tauni ikaja 1348. Waliobaki wakawa na doo zaidi na wakanywa zaidi, biashara ikakua. Halafu bia yenye hopsi ikaingia kutoka ng'ambo. Hiyo inakaa muda mrefu, kwa hivyo unaweza kupika nyingi, kuhifadhi na kusafirisha. Lakini sasa unahitaji mtaji, mkopo na vibarua. Kisheria, mali ya mke ilikuwa mikononi mwa mume. Mjane alikuwa na uhuru, lakini mara nyingi hakuwa na pesa. Kufika 1600, hasa mijini, kazi ilikuwa ya wanaume.

Na dharau ikasaidia. Kanisani Ludlow kuna mchongo wa muuza pombe mwanamke akibebwa na shetani kwenda motoni, bado ameshika kikombe chake cha kupunjia wateja. Kana kwamba wanaume hawakupunja.

Hoja ya Bennett inauma: mambo mengi yanabadilika, lakini mwanamke anabaki palepale ukimlinganisha na mwanamume. Anasema hata ujira wa wanawake zama zile ulikuwa karibu robo tatu ya wa wanaume, na pengo la siku zetu halijasonga sana.

Nyanya yangu alipika busaa. Karo ya babangu ilitoka kwenye ile sufuria. Akishikwa analipa faini, anarudi kuwasha moto. Niliacha chuo nikidhani historia ni ya wafalme, kumbe hata yeye yumo, pengine kama jina tu kwenye kitabu cha kesi.

Kwa hivyo kazi ya mathe wako ikianza kuleta pesa kubwa, usiangalie tu nani anatoka jasho. Angalia jina la nani liko kwenye karatasi.