Kutoka Kitanda Hadi Mfuko: Mlango wa Chuo Kikuu na Watoto wa Kitui na Makueni

Kila matokeo ya KCSE yakitoka, katika nyumba za Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi swali huwa ni moja: huyu ameingia chuo kikuu, yule ameachwa, je, ilikuwa haki? Ili tujibu bila hasira, yafaa turudi nyuma kidogo.

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa karibu mwaka mzima. Foleni ikawa ndefu. Mwaka 1987 serikali ikaingiza madarasa mawili kwa pamoja, na 1990 ikarudia tena, maana kidato cha sita cha mwisho na watoto wa kwanza wa 8-4-4 walikuwa wamemaliza pamoja. Kwa miaka mingi baadaye kijana alikaa nyumbani karibu miaka miwili akingoja kuitwa.

Aliyeita ni bodi ya pamoja ya vyuo, JAB. Sheria ilisema C+ inatosha, yaani alama 46 kati ya 84. Lakini bodi ilihesabu vitanda kwanza! Vitanda vikiisha, mlango umefungwa. Basi kiwango kilipanda mpaka B, na wasichana wakapunguziwa alama moja au mbili. Mwenye C+ alikuwa amefaulu kwa sheria, akakosa kwa ajili ya godoro.

Mtu atasema, si mtihani ulikuwa mmoja kwa wote? Ni kweli, lakini matayarisho hayakuwa mamoja. Huku kwetu shule nyingi zilijengwa kwa harambee na vikundi vya mwethya, akina mama wakibeba mawe na mchanga, na mvua ikikosa karo nayo hukosa. Mtoto aliyeona maabara siku ya mtihani alipimwa kwa rula moja na yule aliyeizoea miaka minne.

Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua mlango wa pili, wa wanafunzi wa kujilipia, na vyuo vingine vikafuata. Wengi walinufaika, wakiwemo walimu na wafanyakazi waliokosa nafasi zamani. Lakini kumbe aliyeachwa na JAB angeweza kusoma udaktari au sheria akiwa na alama chache kuliko jirani yake, mradi baba ana pesa. Mkulima wa mtama wa Kyuso angezitoa wapi?

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 iliiondoa JAB na kuleta KUCCPS. Hesabu ya vitanda ikaachwa, ikawa ni nafasi ya kozi. Kisha mtihani wa 2016 ukasimamiwa kwa ukali, na waliopata C+ kwenda juu wakawa 88,929, kutoka zaidi ya 165,000 mwaka uliotangulia. Tangu hapo kila mwenye C+ amekuwa na nafasi. Ile dhuluma ya kitanda ikaisha.

Lakini haki haikukamilika. Mwaka 2023 ulikuja utaratibu mpya wa karo, kila familia ikipangwa daraja kulingana na uwezo wake. Wengi walilalamika kuwa wamewekwa daraja lisilo lao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema utaratibu huo unakiuka katiba. Serikali ikakata rufaa. Kwa hivyo zamani kijana aliachwa nje ya lango, siku hizi anaitwa halafu anakwama kwa mhasibu.

Tusisahau pia la kheri. Kule Kwa Vonza, taasisi ya kilimo iliyoanzishwa kwa michango ya watu wa Ukambani ikawa chuo kishiriki mwaka 2008, na 2013 ikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili, SEKU. Wazee waliochanga hawakungoja haki iletwe kwa lori.

Nasi tufanye letu. Vijana tulio vyuoni tukae na kidato cha nne kabla hawajachagua kozi, tuwaonyeshe masomo yanayohesabiwa. Wazazi watayarishe stakabadhi mapema na kueleza hali ya nyumbani kwa ukweli, na aliyewekwa daraja lisilo lake akate rufaa. Na mwenye uwezo asijiandike maskini, kwa sababu fungu hilo lina mwenyewe.

Ramadhani njema.