Diski Haikuwa Mbovu

Laptopu ya ndugu yangu ilianguka, skrini ikafa. Ndani mlikuwa na rekodi za shosho, saa tatu hivi akisimulia alivyokuja Nairobi akiwa msichana, na nakala nyingine hatukuwa nayo. Tukaitoa diski, tukaitia kwenye kasha la USB, nikaichomeka kwenye mashine yangu ya Linux. Ikakataa kufunguka. Fundi mmoja wa mtaani akaitazama dakika mbili: "Hii ni ya kufomati tu, bosi." Nikaishika kama yai, nikarudi nayo nyumbani.

Kumbe huu ugomvi ulianza kabla sijazaliwa. Mwaka 1993 Microsoft ilitoa Windows NT 3.1 ikiwa na mfumo mpya wa faili, NTFS. Linux ilikuwa na miaka miwili tu. Microsoft haikuchapisha ramani kamili ya jinsi NTFS inavyopanga vitu kwenye diski, kwa hivyo watu wa Linux waliichunguza baiti kwa baiti, kama mtu anayejifunza mwandiko wa jirani asiyetaka kuulizwa. Programu ya Martin von Löwis iliingia kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, mwaka 1997. Kusoma ungeweza, kuandika kulikuwa kucheza kamari na faili zako. Ni 2007, Szabolcs Szakacsits alipotoa NTFS-3G iliyokomaa, ndipo watu wakaanza kuandika bila kuomba dua kwanza. Mwaka 2021 kampuni ya Paragon ikachangia ntfs3, nayo ikaingia kwenye kerneli 5.15.

Lakini shida yangu mimi ilitoka 2012. Windows 8 ilileta Fast Startup: ukibonyeza kuzima, mashine haizimiki kabisa. Programu zako zinafungwa, ila Windows yenyewe inajihifadhi kwenye faili la hiberfil.sys ili kesho iwake chapchap. Ni kama mwenye duka aliyesinzia na hesabu za madeni zikiwa bado kichwani. Ukiandika kwenye daftari lake, ataamka aandike juu ya maandishi yako yale anayokumbuka yeye, na hapo hakuna atakayejua nani anadaiwa nini. Linux inajua hivyo, ndiyo maana inagoma. Mimi naona ni adabu, ingawa ujumbe wake umeandikwa kama matusi.

Laptopu ingekuwa hai, ningeiwasha, nikaizima huku nimeshikilia Shift, yakaisha. Kuna pia chaguo la remove_hiberfile, linalofuta huo usingizi wote, na kuna ntfsfix. Sikuthubutu. Na rekodi za shosho? Hapana. Niliomba kusoma tu:

sudo mount -o ro /dev/sdb3 /mnt

Folda zikatokea. Nilinakili kila kitu mara mbili kabla hata ya kumpigia ndugu yangu simu. Kwenye rekodi ya kwanza, shosho anauliza kama hicho kidude kimeshaanza kusikiliza.