Namba tasa 2147483647, kutoka kwa Euler hadi kwenye kompyuta yako

Wenzangu mnaoandika programu mnaijua hii: 2147483647. Ndiyo kikomo cha namba kamili ya biti 32, biti moja ikiwa ya alama na 31 za thamani. Lakini ilikuwa na umaarufu wake zamani sana kabla ya kompyuta, kwa sababu ni namba tasa.

Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliorodhesha vipeo ambavyo, ukipandisha 2 kwenye kipeo hicho kisha ukatoa 1, unapata namba tasa. Kipeo cha 31, kinachotoa namba yetu, kilikuwemo. Kulikuwa pia na 67, ambacho baadaye kilionekana ni kosa, kwa hiyo neno lake pekee halikutosha. Ukitaka kuhakikisha kwa njia ya kawaida, ugawe kwa kila namba tasa hadi 46,340. Hizo ni kama 4,800, na kwa kalamu!

Leonhard Euler alitangaza jibu mwaka 1772 akiwa St. Petersburg, karibu kipofu kabisa. Tazama ujanja wake. Tuseme namba tasa p inaigawanya. Anza na 1, zidisha kwa 2 kila hatua, na ushike baki tu la kugawa kwa p. Baada ya hatua 31 umerudi kwenye 1. Fermat alikuwa ameshaona kwamba hatua p−1 nazo hukurudisha kwenye 1. Kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna mzunguko mfupi zaidi, basi 31 lazima iigawanye p−1. Tena p−1 ni shufwa, kwa hiyo hata 62 inaigawanya. Ongeza sharti kwamba p ikigawanywa kwa 8 ibakize 1 au 7, na wagombea wanabaki chini ya 400. Hakuna hata mmoja aliyefaulu.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba timilifu inayozaliwa na hii (timilifu ni kama 6, ambayo ni 1+2+3). Alidhani hakuna atakayetafuta kubwa zaidi, maana hazina faida. Pole yake.

Mwaka 1988 Park na Miller walipendekeza njia rahisi ya kutengeneza namba za bahati nasibu: zidisha kwa 16807, gawa kwa 2147483647, chukua baki. Kwa kuwa kigawanyo ni tasa na 16807 imechaguliwa vizuri, unapita thamani zote 2147483646 kabla ya kurudia hata moja. (Usiitumie kwa nywila, tafadhali.)

Kwenye saa za Unix, utasa wake hausaidii kitu. Sekunde zinahesabiwa tangu 1970, na tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Kenya, zitafika 2147483647. Sekunde inayofuata, mashine inayotunza saa kwa biti 32 itadhani ni Desemba 1901. Kama una moja inayofanya kazi mahali, ianze kukusumbua sasa.