Akiba ya damu: Kilifi wakati wa korona

Kwenye kipindi cha wiki hii tulipita haraka sana pale tulipotaja mumiani. Tukacheka, tukaendelea na mengine. Nimeona bora nilirudie kwa maandishi, maana hadithi ile ya kutishia watoto ina sehemu ya pili ambayo wengi wetu tuliozaliwa huku hatujaisikia. Sehemu hiyo iko Kilifi, mwaka 2020, ndani ya friji ya maabara.

Kwanza mumiani wenyewe, kwa vijana ambao hawakutishiwa. Neno lina asili ya Kiajemi, na lilikuwa jina la dawa nyeusi mfano wa lami. Pwani ya Afrika Mashariki likageuka kuwa kitu kingine: watu wanaozunguka usiku, wanakukamata, wanakukausha damu, damu inaenda kutengenezewa dawa. Zama za ukoloni uvumi huu ulienea mpaka Nairobi na Uganda, na huko lawama waliipata wazimamoto na magari yao mekundu. Mwanahistoria Luise White aliuandikia kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000. Wazee wetu waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa walikuja na hadithi hii Oman pamoja na mbuzi zao za kukunia nazi.

Tusiwacheke sana. Hebu utazame uvumi ule ulikuwa unasema nini hasa: wapo wakubwa wanaokuja na magari, wanachukua kitu mwilini mwako, hawakwambii kinaenda wapi, na wewe hurudishiwi chochote. Kwa mtu aliyetawaliwa, hayo si maneno ya kijinga. Ni malalamiko, ila yamevaa nguo za jini.

Sasa fikiria unataka kufungua kituo cha utafiti wa damu kwenye pwani hiyohiyo.

Ndivyo ilivyokuwa Kilifi mwaka 1989. Taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilishirikiana na mfuko wa Wellcome wa Uingereza na Chuo Kikuu cha Oxford, wakaanza na watu 12 kwenye hospitali ya wilaya. Kwa sisi wenye asili ya Oman, hapo si ugenini kabisa. Kusini kidogo ya mji wa Kilifi ipo Takaungu, walikohamia baadhi ya Mazrui baada ya Seyyid Said kuichukua Mombasa mwaka 1837. Lakini wenyeji wengi wa eneo hilo ni Wagiriama na ndugu zao Wamijikenda, na watoto wao ndio waliokuwa wakifa kwa malaria. Kazi ya kwanza ya kituo ilikuwa hiyo: kwa nini mtoto huyu anapona malaria, na yule inampanda kichwani mpaka anafariki?

Swali kama hilo hulijibu bila damu. Hulijibu pia bila kujua watu ni wangapi, nani kazaliwa, nani kafa, nani kahamia Malindi. Kwa hiyo mwaka 2000 kituo kilianza kuhesabu eneo la kilomita za mraba 891, nyumba kwa nyumba, na kurudi tena na tena kila mwaka. Miaka kumi baadaye daftari lilikuwa na watu kama 260,000. Yaani vijana wa kituo wanapiga hodi, wanakaa mkekani, wanauliza habari za wote waliomo ndani, halafu baada ya miezi wanakuja tena.

Na uvumi ulikuja, kama ulivyotarajia. Watu walisema kituo kinauza damu, na wengine wakasema pale pana ibada ya shetani. Haya si maneno ya mitaani tu. Watafiti wa kituo waliyaandika wenyewe kwenye majarida yao, na hapo ndipo ninapowapa heshima. Wangeweza kusema hawa watu ni washamba, wakaendelea na kazi. Badala yake, kuanzia mwaka 2005, waliifanya kazi ya kuzungumza na watu kuwa idara rasmi. Jamii zikachagua wawakilishi wao, mikutano ikafanyika na wazee na machifu, na wanafunzi wa sekondari wakaingizwa maabara waone kwa macho yao kinachofanyika kwenye vile vichupa. Uvumi haukuisha. Lakini mtu mwenye swali sasa alikuwa na mtu wa kumuuliza, jirani yake, kwa Kigiriama au kwa Kiswahili.

Basi ikaja korona.

Mwishoni mwa Januari 2020, Kenya ilipompata mgonjwa wake wa kwanza wa kushukiwa, ilibidi sampuli isafirishwe mpaka Afrika Kusini kupimwa. Tarehe 13 Machi serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza aliyethibitika. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa: hakuna kuingia, hakuna kutoka. Sisi huku tunaikumbuka tarehe iliyofuata kwa karibu, maana siku mbili baadaye, tarehe 10 Aprili, Maskati nayo ilifungwa. Fanja tukabaki upande wa pili wa kizuizi, kwenye barabara ya Nizwa, tunaonana na jamaa zetu wa Maskati kwenye simu tu.

Kilifi ilifungwa, lakini maabara ilikuwa ndani. Na ilikuwa tayari, ingawa hakuna aliyeitayarisha kwa ajili ya korona. Kwa miaka mingi wanasayansi wa pale walikuwa wanakifuatilia kirusi kiitwacho RSV, kinachobana vifua vya watoto wachanga. Walikuwa wamejifunza kukipima, na kukisoma herufi zake za vinasaba, kama 15,000 hivi, ili wajue kinatoka nyumba gani kwenda nyumba gani. Kirusi cha korona kina herufi kama 30,000. Ni kitabu kirefu zaidi, lakini msomaji ni yuleyule na mashine ni ileile. Kwa hiyo utafiti ulioonekana wa kitaalamu mno, wa kirusi ambacho mtu wa kawaida halijui hata jina lake, ndio uliogeuzwa kuwa huduma. Kaunti sita za pwani zikawa zinapeleka sampuli Kilifi: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta.

Wakasoma vinasaba 311 vya sampuli zilizochukuliwa kati ya tarehe 17 Machi na 31 Julai 2020. Wakaona kwamba ugonjwa haukuingia pwani mara moja kwa mlango mmoja. Uliingia mara nyingi. Aina nyingine zilinaswa mpakani na Tanzania au kwa wasafiri waliorudi, zikaishia hapohapo bila kuenea. Aina moja tu, B.1, ndiyo iliyosambaa. Ukipenda kujua kama kupima watu mpakani kulikuwa na faida au kulikuwa usumbufu mtupu, jibu moja ni hilo.

Sasa tuje kwenye friji.

Kupima nani anaumwa leo ni kitu kimoja. Kujua ni wangapi wameshapitiwa na ugonjwa wakapona kimyakimya ni kitu kingine, na hiki kinataka kutafuta chembe za kinga kwenye damu. Shida ni kwamba kipimo kipya kinaweza kudanganya. Kinaweza kukiona kinga iliyoachwa na mafua mengine, kikasema ni korona. Na kipimo kilichojaribiwa kwa damu ya Wazungu hakikupi uhakika kwa mtu wa Kilifi, ambaye mwili wake umeshapigana na malaria na mengineyo tangu utotoni. Utakijaribuje? Unahitaji damu ya watu wa pwani ambao una uhakika kabisa hawajawahi kukutana na korona. Na mwaka 2020 utawapata wapi?

Utawapata mwaka 2018. Kituo kilikuwa na damu ya kabla ya korona kuwako duniani, imetunzwa kwenye baridi. Walichukua sampuli 910 za mwaka 2018 wakazipitisha kwenye kipimo chao. Sampuli 901 zilijibu "hapana", kama zilivyotakiwa. Hapo wakajua kipimo kinaaminika kwa watu wao. Ndipo wakapima damu za wachangiaji 3,098 kutoka sehemu mbalimbali za Kenya, za miezi ya kati ya Aprili na Juni. Wakakadiria kwamba asilimia 4.3 walikuwa na kinga, na Mombasa ilifika asilimia 8. Hii ilimaanisha ugonjwa ulikuwa umewapitia watu wengi kuliko hesabu za vipimo vya kila siku zilivyoonyesha. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Science.

Swali la mumiani lilikuwa: damu yetu inaenda wapi? Jibu lilichukua muda, lakini lilikuja. Ilikaa kwenye baridi, na siku ilipohitajika ikawa ndiyo mizani ya kuipimia nchi nzima.

Usidhani ilikuwa raha. Kenya wakati ule ukikutwa umekaribiana na mgonjwa unapelekwa karantini, na wengi walidaiwa gharama zake. Nani atakimbilia kupimwa hapo? Na mwanzoni mwa Aprili, madaktari wawili wa Kifaransa walizungumza kwenye televisheni kuhusu kufanya majaribio Afrika. Simu zikawaka moto, kuanzia Mombasa mpaka kwenye magrupu yetu ya familia huku. Mumiani karudi, safari hii kavaa koti jeupe. Kituo kilipoanza kujaribu chanjo ya Oxford mwezi Oktoba 2020, kwa watu 400, kikianza na wahudumu walioko mstari wa mbele, kiliingia kwenye hofu hiyohiyo. Kilichokuwa mkononi mwake ni ile miaka 15 ya mazungumzo, ambayo huwezi kuinunua ndani ya wiki mbili.

Linganisha na jirani. Tarehe 3 Mei 2020, Rais Magufuli alisema hadharani kwamba maabara ya taifa ya Tanzania ilipelekewa sampuli za mbuzi na papai, na majibu yakatoka kwamba zina korona. Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Takwimu zilikwama kwenye wagonjwa 509, na chanjo ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021 chini ya Rais Samia. Wengi wetu tuna ndugu pande zote mbili za mpaka ule. Lugha moja, bahari moja, na tulipokea habari mbili tofauti kabisa za ugonjwa mmoja. Tofauti haikuwa akili za watu. Watu ni walewale. Kabla ya kuumwa, upande mmoja mazungumzo kati ya maabara na watu yalishazoeleka. Upande wa pili, maabara ilipotiliwa shaka na mkubwa wa nchi, hapakuwa na jirani wa kuisemea.

Mwezi Januari 2021 Visiwa vya Komoro vilipopata wimbi baya, sampuli zake zilisomwa Kilifi, na aina ile iliyoanza kuonekana Afrika Kusini ikatambuliwa humo. Kituo cha watu 12 kilikuwa sasa kinahudumia visiwa vya nchi nyingine.

Na sisi? Julai 2020 Wizara ya Afya ya Oman nayo ilianza kuchukua damu za watu katika mikoa yote, kutafuta kinga hiyohiyo. Wazee wetu wengine walinyoosha mkono bila neno. Wengine waliuliza kwanza, kwa Kiswahili, mtoto au mjukuu akatafsiri: hii wanapeleka wapi? Wengine wetu tuliona aibu kulitafsiri swali hilo. Halina aibu. Ni swali la haki, na Kilifi waliposikiliza badala ya kulicheka, ndipo walipojenga kituo kilichowafaa siku ya shida. Wazee wanasema akiba haiozi, na imani ya watu nayo ni akiba: unaiweka wakati wa afya.

Kwenye kipindi kijacho tutaendelea na mumiani wa Unguja na Pemba. Kama nyumbani una bibi au babu mwenye hadithi yake, mrekodi kwa simu utuletee. Ukimaliza kucheka, muulize aliogopa nini hasa.