Nani Aliwahesabu?

Vitabu vinasema kwamba tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara, Tanzania. Sawa. Lakini mimi kila nikisoma habari hii najiuliza: nani aliwahesabu? Hebu msomaji piga hesabu mwenyewe. Laki mbili na nusu kwa siku moja ni zaidi ya watu 170 kila dakika, usiku na mchana, na mizigo kichwani na watoto mgongoni. Karani wa mpakani na mhuri wake haiwezi kazi hiyo, hata umpe wenzake kumi.

Mahali kama pale watu hukisia. Unahesabu wanaopita kwa dakika chache, unazidisha. Au unapiga picha kutoka angani, unahesabu vibanda, unazidisha kwa idadi ya watu katika kibanda kimoja. Ukikosea kidogo kwenye kibanda, unakosea kijiji kizima kwenye jumla.

Sisi vijiweni huwa tunachanganya mambo mawili: waliopita na waliopo. Chukulia daladala. Kuhesabu wanaopanda na kushuka kituoni ni kazi moja; kuhesabu waliomo ndani sasa hivi ni nyingine kabisa.

Waliopo huhesabiwa kwa sensa, kwa kuulizwa umezaliwa wapi, au wewe raia wa wapi. Majibu hayo mawili yanapishana vibaya. Mwaka 2014 Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000, yaani wakimbizi walioikimbia Burundi mwaka 1972 na watoto wao waliozaliwa huku huku. Ukihesabu kwa uraia, wageni hao wameyeyuka bila hata mmoja kufunga mzigo. Ukihesabu kwa mahali pa kuzaliwa, wazee bado ni wahamiaji, na watoto hawakuwa wahamiaji hata siku moja.

Waliopita ndio kasheshe. Kwa Umoja wa Mataifa, mhamiaji wa muda mrefu ni yule anayehamishia makazi yake nchi nyingine kwa angalau miezi 12. Kwa hiyo mama wa nyanya anayevuka Namanga kila siku ya soko hayumo. Na pale mpakani utajuaje nani atakaa miezi 12? Utamuuliza, naye atakujibu anachokusudia. Uingereza ilianza kuhoji abiria namna hiyo mwaka 1961: wachache waliulizwa, wengi walikisiwa. Sensa ya 2011 ikaja kuonyesha kwamba waliohamia kutoka Ulaya Mashariki walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa. Wazungu nao, eti!

Ila kule Uingereza kosa hilo lilileta maneno tu magazetini. Kwetu Maziwa Makuu lilileta mengine.

Julai 1994 karibu watu milioni moja waliingia Goma, Zaire, kwa siku chache. Kambini kadi ya mgawo ndiyo chakula. Basi wapo waliojiandikisha mara mbili, na wakubwa wa kambi, wengi wao viongozi wa utawala uliofanya mauaji ya kimbari, walitaja watu hewa ili posho ya ziada ibaki mikononi mwao. Vita ilipozivunja kambi mwishoni mwa 1996, hapakuwa na idadi ya kuanzia isiyo na ubishi.

Tarehe 15 Novemba 1996 Baraza la Usalama likaidhinisha jeshi la kimataifa, likiongozwa na Kanada, liende kuwasaidia wakimbizi. Siku zile zile mamia ya maelfu wakaanza kurudi Rwanda kwa miguu. Hesabu ikawa ya kutoa, kama ya darasa la pili: waliokuwepo, toa waliorudi, wamebaki wangapi? Ndege za kijeshi zikapiga picha. Mashirika ya misaada yakasema wamebaki mamia ya maelfu. Serikali ya Rwanda, na maofisa kadhaa wa Magharibi pia, wakasema ni wachache tu. Mimi siamini kwamba huo ulikuwa ubishi wa hisabati. Asiyetaka kwenda alichagua jibu la kumbakiza nyumbani. Desemba jeshi likavunjwa kabla halijafanya kazi.

Na watu walikuwepo. Makumi ya maelfu walikutwa Tingi-Tingi, mamia ya kilometa ndani ya msitu, wamefika kwa miguu. Mapema mwaka 1997 kambi hiyo nayo ikakimbiwa. Wengine wakatembea hadi Mbandaka, upande wa pili wa nchi ile kubwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 imeorodhesha mahali walikouawa, eneo kwa eneo, na kwenye sehemu nyingi hapo idadi ni ya kukisia pia. Makumi ya maelfu ya walionusurika walirudishwa Rwanda kwa ndege mwaka 1997. Hao angalau majina yao yaliandikwa.